Chupa ya Vitamini na Mtoto Anayeharisha

Mtoto akiharisha usiku kucha, kukicha mzazi yuko kwenye duka la dawa. Anatoka na mfuko wenye vitu vitatu au vinne, na mara nyingi kimojawapo ni chupa ya dawa ya maji yenye rangi ya chungwa na picha ya matunda ubavuni: multivitamini. Ameambiwa itamrudishia mtoto nguvu na hamu ya kula. ORS, ule unga wa chumvi na glukosi wa kuchanganya na maji, huenda haimo kabisa mfukoni, au imo pakiti moja tu iliyotiwa mwishoni kama nyongeza, maana ni kitu cha bei ndogo, na mtoto anapolegea mikononi mwako ni vigumu kuamini kwamba kitu cha bei ndogo kinaweza kumwokoa. Mzazi huyo hana kosa. Amenunua alichoshauriwa, na neno vitamini masikioni mwetu lina sauti ya uhai na afya. Lakini naomba tuitazame chupa hiyo kwa makini, kwa sababu katika siku za kwanza za kuharisha haifanyi kazi inayodhaniwa, na vitu vinavyoifanya kazi hiyo vipo palepale kwenye rafu ya duka lilelile.

Tuanze na kinachomtokea mtoto tumboni. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 7 za Afrika na Asia, Kenya ikiwemo kupitia eneo la Nyanza, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliwakuta wakosaji wanne wakiongoza katika kuharisha kukali kwa watoto wadogo: virusi vya rota, kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, aina fulani ya bakteria wa E. coli, na bakteria wa Shigella ambao ndio huleta choo chenye damu. Kila mmoja ana mbinu yake, ila wote huugusa ukuta laini wa utumbo, ule ambao kwa kawaida hufyonza maji na chumvi kutoka kwenye chakula, na kuufanya umwage badala ya kufyonza. Mtoto wa kilo 10 akipoteza lita moja tu ya maji amepoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, na hapo maisha yake yako hatarini. Kinachomuua mtoto kwa saa au siku chache, basi, ni kukaukiwa maji na chumvi. Hakuna vitamini inayoweza kuziba pengo hilo, kama vile mbolea isivyoweza kuuokoa mche uliokaukiwa katikati ya kiangazi.

Jambo la kushukuru ni kwamba utumbo ulioshambuliwa hubaki na mlango mmoja wazi. Glukosi na sodiamu zikifika pamoja, kwa uwiano unaofaa, huingia zikiwa zimeshikana mikono na kuyavuta maji nyuma yao. ORS imetengenezwa kwa ajili ya mlango huo. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi waliokuwa wakifa kwa kipindupindu walijazana Bangaon upande wa India, na chupa za dripu zikaanza kuisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwanywesha wagonjwa maji yenye chumvi na glukosi, yakigawiwa hata na ndugu zao wasio na mafunzo yoyote. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Pakiti ya leo imeboreshwa tangu mwaka 2002: kwa lita moja ya maji ina gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitreti. Nazitaja gramu hizi kwa makusudi. Uwiano ndio dawa yenyewe, na ndiyo sababu soda au juisi ya boksi haiwezi kushika nafasi ya ORS: sukari yake ni nyingi mno na chumvi yake ni kidogo mno, hivyo badala ya kuyaingiza maji mwilini huyavuta yarudi utumboni na choo kikaongezeka.

Sasa turudi kwenye vitamini. Tatizo la kwanza ni neno lenyewe. Tunakiita vitamini kila kitu kinachouzwa kwa jina la kuongeza nguvu, ilhali ndani ya neno hilo moja tumefungia vitu visivyofanana hata kidogo. Kipo kinachohifadhiwa kwenye ini kwa miezi, na kipo kinachotoka na mkojo siku hiyohiyo. Vipo ambavyo si vitamini kabisa bali ni madini, kama zinki na chuma. Kwa hiyo ukiuliza kama vitamini zinamsaidia mtoto anayeharisha, umeuliza swali ambalo halina jibu moja. Inafaa uulize kuhusu kila kimoja: Je, mtoto anakipoteza kwa kuharisha? Mwili wake una akiba ya kitu hicho? Kikirudishwa leo, kuna watoto waliopimwa wakaonekana kupona mapema? Vingi kati ya vilivyomo ndani ya chupa ya multivitamini vinashindwa swali la tatu. Zinki peke yake ndiyo inayopita maswali yote kwa kuharisha kwa kawaida, na chupa nyingi ama hazina zinki, ama zina chembe ndogo tu isiyofikia kipimo cha tiba.

Zinki hupotea kwa wingi kwenye choo cha kuharisha, na mwili hauna ghala la kuihifadhi. Watoto wengi wa kwetu huanza kuugua wakiwa tayari wanayo kidogo, kwa kuwa uji na ugali wa mahindi una kitu kinachoitwa faiteti kinachoikamata zinki na kuizuia isifyonzwe, na nyama, maini au dagaa havifiki kwenye kibakuli chao kila siku. Bila zinki ya kutosha ukuta wa utumbo huchelewa kujijenga upya na kinga ya mwili hulegea. Ndiyo maana mwezi Mei mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja kwamba kila mtoto anayeharisha apewe zinki pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kwa mwenye umri chini ya miezi 6. Mwaka 2019 pakiti inayounganisha ORS na zinki ikaingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu za watoto duniani. Multivitamini haikuingia kwenye tamko lile, na haikusahauliwa kwa bahati mbaya.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi ulitoka Dar es Salaam. Watafiti waliwaandikisha watoto wachanga 2,400 wakiwa na umri wa wiki 6, wakawagawa kwa kura katika makundi manne. Kundi moja lilipewa zinki kila siku. La pili multivitamini yenye vitamini C, E na zile za jamii ya B. La tatu vyote viwili. La nne dawa bandia isiyo na kitu. Walifuatiliwa kwa miezi 18, bila mzazi wala mpimaji kujua nani anapewa nini. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, watoto waliopata zinki waliharisha mara chache zaidi na kupata mafua machache zaidi. Waliopata multivitamini hawakutofautiana na wasiopata. Naomba msomaji atue hapo kidogo. Hawa hawakuwa watoto wa Ulaya wenye kila kitu mezani. Walikuwa watoto wa mitaa ya Dar es Salaam, walipewa vitamini nyingi zilizomo kwenye chupa tunazozinunua, tena kila siku, kwa mwaka mmoja na nusu. Kama kijiko cha multivitamini kwa siku tano kingekuwa na uwezo tunaokidhania, basi kwa miezi 18 uwezo huo ungeonekana.

Sitaki kuipamba zinki kupita kiasi. Tathmini ya mtandao wa watafiti wa Cochrane ya mwaka 2016, iliyojumlisha majaribio mengi, ilionyesha kwamba kwa watoto wenye zaidi ya miezi 6 zinki hufupisha kuharisha kwa wastani wa takriban nusu siku, na kwa wenye dalili za utapiamlo kwa zaidi kidogo ya siku nzima. Kwa wenye chini ya miezi 6 faida haikuonekana. Msomaji anaweza kusema: nusu siku tu, na kelele zote hizi? Lakini kwa mtoto aliyedhoofu, siku moja ya kuharisha iliyoondolewa ni siku moja ya kula iliyorudishwa, na zinki iliyomalizwa siku zote hupunguza uwezekano wa kuugua tena katika miezi miwili mitatu inayofuata. Ina kasoro yake pia, nayo ni kutapisha. Jaribio lililofanyika India na Tanzania kwa watoto 4,500, likachapishwa mwaka 2020, lililinganisha miligramu 5, 10 na 20 kwa siku 14. Dozi ndogo hazikuzidiwa na dozi kubwa katika kutibu kuharisha, na kutapika kulipungua kutoka kwa watoto 19 hivi katika kila 100 hadi 14 hivi. Kwa hiyo usishtuke ukipewa leo dozi ndogo kuliko aliyopewa mtoto wako wa kwanza; mhudumu anafuata ushahidi mpya zaidi.

Wengi watauliza kuhusu vitamini A, na wana haki, kwa kuwa hakuna vitamini iliyookoa watoto wengi kama hiyo. Mwaka 1986 daktari Alfred Sommer na wenzake walichapisha utafiti wa Aceh, Indonesia, ulioonyesha kwamba vidonge viwili vikubwa kwa mwaka vilipunguza vifo vya watoto wadogo kwa takriban theluthi moja. Tafiti zilizofuata zilipunguza kidogo matumaini yale. Jaribio kubwa la India lenye watoto kama milioni moja, lililochapishwa mwaka 2013, halikuona faida ya wazi, na hesabu ya jumla ya mwaka 2017 inaonyesha vifo vikishuka kwa asilimia 12, vikiwemo vya kuharisha. Asilimia 12 ya uhai wa watoto si jambo la kupuuza. Lakini angalia namna inavyofanya kazi. Vitamini A huwekwa akiba kwenye ini, na akiba hiyo humlinda mtoto kwa miezi minne hadi sita, ndiyo maana matone hutolewa mara mbili kwa mwaka: uniti 100,000 kwa mwenye miezi 6 hadi 11, uniti 200,000 kuanzia mwaka mmoja hadi kutimiza mitano. Ni kinga inayojengwa kabla ya ugonjwa. Ukimpa mtoto ambaye akiba yake imejaa, katikati ya kuharisha, hutaona choo kikikoma mapema. Fungua kadi ya kliniki. Kama matone ya nusu mwaka huu yameandikwa, kazi ya vitamini A imekwisha kufanyika, na kama hayajaandikwa, mwulize muuguzi amalizie hapohapo kituoni. Hiyo ni njia bora ya kumpa mtoto vitamini A kuliko kuitafuta kwenye sirapu.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi lenye nguvu: hata kama haisaidii, vitamini haina madhara, basi kwa nini nisimpe? Jibu la kwanza linatoka Pemba. Watafiti walitaka kujua kama madini ya chuma na asidi foliki yakigawiwa kila siku kwa watoto wadogo wote yangewapunguzia magonjwa. Lilikuwa wazo jema, upungufu wa damu ukiwa mwingi kisiwani. Watoto zaidi ya 24,000 walifuatiliwa. Sehemu hiyo ya jaribio ilibidi isimamishwe kabla ya wakati wake mwaka 2003, kwa sababu waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitali au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wasiopewa. Baadaye ikaonekana kwamba wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma na damu walifaidika, na madhara yaliwaangukia wasioihitaji, katika mazingira yenye malaria nyingi. Jibu la pili linatoka Kenya, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliona kwamba unga wa virutubisho wenye chuma, uliochanganywa kwenye uji wa watoto wa miezi 6, uliwaongeza bakteria wabaya utumboni na kuufanya ukuta wa utumbo uwake. Bakteria nao wanapenda chuma. Sasa soma kibandiko cha chupa yako. Baadhi ya multivitamini za watoto zimetiwa chuma, na wewe unampa mtoto ambaye utumbo wake uko vitani wakati huo.

Chuma si peke yake. Vitamini C ikizidi haifyonzwi yote. Inayobaki huvuta maji utumboni na choo kikawa chepesi, na magnesiamu hufanya vivyo hivyo. Sirapu nyingi hutiwa utamu kwa sukari au kwa sorbitoli, kitu ambacho hata mtu mzima mwenye afya akikizidisha humletea kuharisha. Vitamini A ya kwenye sirapu ikijumlishwa na matone ya kliniki na mafuta ya ini la samaki anayopewa na bibi kwa nia njema, mtoto anaweza kufika kipimo cha kumtapisha na kuuvimbisha utosi wake. Hakuna kati ya haya kinachotokea kwa kila mtoto, na kijiko kimoja hakitamdhuru aliye mzima. Ninachosema ni kwamba neno "haina madhara" halijathibitishwa, na pale lilipopimwa, kwa chuma, lilikutwa si kweli. Tena kuna dhara lingine lisiloandikwa kwenye kibandiko. Mzazi aliyetoa elfu kadhaa kwa ajili ya chupa anaona ameshamtibu mtoto. Anampa kijiko asubuhi na jioni, na kati ya asubuhi na jioni mtoto anakaukiwa.

Wapo watakaosema: mtoto wa jirani alipewa hiyo hiyo akapona. Alipona, sina shaka. Kuharisha kwingi kwa watoto huisha kwenyewe ndani ya siku tatu hadi saba, na mzazi hununua dawa siku ya pili au ya tatu, wakati hofu imefika kileleni. Chochote atakachompa siku hiyo kitapata sifa ya siku ya nne. Ni kwa njia hiyohiyo wanaong'oa kile wanachokiita meno ya plastiki wamepata umaarufu wao, wakiwachimba watoto fizi kwa kitu chenye ncha na kuwaachia vidonda na maambukizi, kisha kuharisha kukikoma wanasema meno yalikuwa yamekaa vibaya. Siziweki multivitamini kwenye kapu moja na ukatili ule. Nasema tu kwamba ushuhuda wa "alipewa akapona" unaweza kukitetea kitu chochote, hata kinachoumiza, na ndiyo sababu watafiti wa Dar es Salaam walihitaji kundi la watoto waliopewa dawa isiyo na kitu.

Pingamizi lenye uzito zaidi kwangu ni hili la hamu ya kula. Mtoto hali, anapungua, mzazi anaona mifupa ya kifua inaanza kuhesabika, na chupa inaahidi hamu ya kula. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Utafiti ule wa nchi 7 nilioanza nao ulionyesha kwamba watoto waliopata kuharisha kukali walikuwa na hatari ya kufa ndani ya miezi miwili iliyofuata mara 8.5 kuliko wenzao waliofanana nao, na vifo vingi vilikuja zaidi ya wiki moja baada ya kufikishwa kituoni, wengi wao wakiwa wamesharudi nyumbani. Wiki zinazofuata kuharisha ndizo zinazomtafuna mtoto, na kinachomtafuna mara nyingi ni njaa. Lakini hamu ya kula wakati huu huzibwa, miongoni mwa mengine, na vitu vitatu: kukaukiwa maji, kupungukiwa potasiamu, na maumivu ya tumbo. ORS inaviondoa viwili vya kwanza, mara nyingi ndani ya saa chache, na mtoto aliyekuwa akisukuma kijiko anaanza kukifuata kwa macho. Hapo ndipo chakula kinapotakiwa kuwa tayari. Aendelee kunyonya bila kikomo. Usimwekee mfungo wa kupumzisha tumbo, maana utumbo hujijenga kwa chakula kinachopita ndani yake. Mpe kidogo kidogo mara sita kwa siku au zaidi: uji mzito uliotiwa karanga zilizosagwa au mafuta kijiko kimoja, ndizi iliyopondwa, ambayo ina potasiamu yake, wali laini na mchuzi wa maharage uliochujwa, yai, dagaa waliosagwa. Ukipata kimea cha mtama au ulezi, uji wake hulainika hata ukiwa mzito, na ile faiteti inayokamata zinki hupungua. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema wazee, na kwa mtoto anayeharisha ni kweli kwa namna ya pekee: mletee tu. Kisha kwa wiki mbili baada ya kupona mwongeze mlo mmoja kila siku juu ya ile ya kawaida. Hela za multivitamini zinatosha mayai ya siku kadhaa kati ya hizo.

Kuna watoto ambao vitamini nyingi kwa pamoja ni sehemu ya tiba yao, na haitakuwa haki kuwanyamazia. Anayeharisha kwa siku 14 mfululizo au zaidi ameingia hali nyingine. Utumbo wake umeshindwa kufyonza kwa muda mrefu na akiba zake zimeisha, hivyo huandikiwa vitamini na madini mbalimbali kwa wiki mbili, zinki na vitamini A zikiwemo. Mwenye surua hupewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo, kwa kuwa surua huimaliza akiba ya ini haraka na huweza kumpofusha. Mwenye utapiamlo mkali hupewa maziwa maalumu au chakula dawa ambavyo tayari vimetiwa vyote anavyohitaji, na kumwongezea sirapu ya nyumbani ni kuharibu hesabu ya wauguzi. Hawa wote watatu ni watoto wa kituo cha afya. Ukiona mtoto wako ni mmoja wao, usianze na duka.

Basi ukifika dirishani kesho, uliza kwa majina: ORS pakiti mbili au tatu, na vidonge vya zinki vya siku 10. Muuzaji akikuongezea multivitamini, mwulize ina zinki miligramu ngapi na kama ina chuma. Ni swali la adabu na muuzaji mzuri atalisoma jibu nawe kwenye kibandiko. Kama mhudumu wa kituo ndiye aliyeiandika, mwulize anatibu nini kwayo. Huenda ameona dalili usiyoijua, nawe utaelewa. Na huenda ameiandika kwa mazoea, naye ataitoa. Nyumbani soma pakiti ya ORS inataka maji kiasi gani, maana zipo za lita moja na zipo za nusu lita. Chupa mbili za maji ya kunywa za nusu lita ndizo lita moja. Kikombe cha chai hakipimi kitu. Ukikoleza, unamzidishia chumvi. Ukizidisha maji, chumvi na glukosi hazitoshi kuyavuta. Yakifika saa 24 yamwage, uchanganye mengine. Kama duka limefungwa na usiku ni mrefu, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 bapa vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitakuvusha hadi asubuhi.

Mwenye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya choo chepesi, mililita 50 hadi 100. Aliyezidi hapo mara mbili yake. Akitapika, usikate tamaa wala usiongeze kasi. Ngoja dakika 10, kisha anza tena kwa kijiko cha chai, kimoja kila dakika moja au mbili. Ni kazi ya kukaa chini na mtoto mapajani saa nzima, na ndiyo tiba yenyewe. Zinki nayo ina namna yake. Weka kidonge kwenye kijiko kikubwa, dondoshea maziwa ya mama au maji safi au ORS, na usikiponde. Ndani ya dakika moja kitaporomoka chenyewe na kuwa uji mwepesi mweupe. Mpe mara moja, kisha mfuatishie tone jingine la maji lioshe kijiko na ulimi, kwa kuwa ladha yake ya metali hubaki nyuma. Ukimpa akiwa na kitu tumboni atatapika mara chache kuliko akipewa tumbo tupu. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe kingine.

Nenda kituoni mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, anatapika kila kitu, analegea au hawezi kunyonya wala kunywa, au analia bila machozi na mkojo umekatika kwa saa nyingi. Choo chenye damu kina dawa yake ya kuua bakteria, ambayo mhudumu ndiye atakayeichagua. Kuharisha kwa maji matupu kwa kawaida hakuhitaji metronidazole wala antibiotiki nyingine yoyote.

Siku ya nne au ya tano choo kitakuwa kimeshika, mtoto atakuwa uwani anawafukuza kuku, na kwenye rafu patakuwa na vidonge vitano au sita vya zinki vilivyobaki. Siku hiyo wazazi wengi huacha. Endelea kumpa kimoja kwa siku, kwenye kijiko kilekile, hadi siku ya kumi.